Naomba ushauri: utaifa wa Wakurdi nianzie wapi?

Wakuu habari za mda huu, naombeni mawazo yenu. Nina mada ya kuwasilisha chuo kuhusu utaifa wa Wakurdi ulivyoanza, nimekwama mwanzo kabisa. Mkataba wa Sèvres 1920, wa kugawa dola ya Ottoman baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uliwaachia mlango wa kupata nchi yao, 1923 ukaja wa Lausanne ulioufuta ule hata jina lao halimo, wakajikuta wamegawanywa Uturuki, Iraki, Irani na Syria. Mi naona Atatürk, mwanzilishi wa Uturuki ya sasa, ndo aliwasha moto, maana Kikurdi kikapigwa marufuku na wenyewe wakaja kuitwa eti "Waturuki wa milimani", 1925 Sheikh Said, kiongozi wa dini wa Kikurdi, akaongoza uasi akanyongwa. Ila jamaa yangu anabisha, anasema yule alikuwa anatetea ukhalifa uliofutwa 1924 kuliko ukabila, na kiukweli hoja yake ina uzito, imenivurugia mpangilio wote.

Sasa nibane Uturuki tu nimalizie na Öcalan, kiongozi wa chama cha wapiganaji wa Kikurdi PKK, kukamatwa Nairobi 1999 (wengi hawajui kama alikuwa kajificha kwa balozi wa Ugiriki pale), au niingize na Mahabad, ile jamhuri ya Wakurdi ya muda mfupi kule Irani 1946, na kura ya maoni ya uhuru wa Wakurdi wa Iraki 2017? Nina dakika kumi na tano tu, mnaojua historia nielekezeni.