Walimu wa besi, acheni kufundisha kordi za ridhimu kwenye gitaa la besi!

Wakuu, hili jambo linaudhi. Karibu kila video ya kordi za besi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa wanaoanza ni ileile: mwalimu anachukua umbo la kordi ya gitaa la ridhimu (lile la kusindikiza), analibandika kwenye nyuzi nne za besi (E, A, D na G, kuanzia nene), anakwaruza zote kwa pamoja, unatoka muungurumo usioeleweka. Halafu mwanafunzi anaambiwa vidole vyake havijakomaa. Vidole vina kosa gani hapo?

Shika noti A, freti (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya 5 ya uzi wa E. Ongeza C# iliyo jirani, freti ya 4 ya uzi wa A. Hiyo ni mitetemo 55 na 69 kwa sekunde. Chini kule sikio halitenganishi noti zilizobanana hivyo, apige nani. Dawa ni kuipandisha C# oktavu moja (noti ileile, mitetemo mara mbili): freti ya 6 ya uzi wa G. Sasa ni 55 na 139, kordi ya A meja inasikika safi. Ukitaka A minor, rudisha uzi wa G freti ya 5. Ukitaka A7, rudi kwenye meja uongeze freti ya 5 ya uzi wa D. Basi! Kwa wimbo wa ufunguo wa G, noti za msingi za G, C na D ziko uzi wa E, freti ya 3, 8 na 10. Uzi wa G unashikwa freti moja mbele: 4, 9, 11.

Mkono wa kulia ndio hausemwi kabisa. Gumba lipige uzi wa E, kidole cha shahada D (kwenye kordi kama A7), kidole cha kati G, vyote kwa mpigo mmoja. Uzi wa A uzimwe na ncha ya kidole kinachoshika E, la sivyo utavuma.

Tena mnasema "kandamiza zaidi" kordi ikitoka nje ya tuni freti ya 9. Mnaharibu! Kukandamiza kunapandisha noti. Pimeni freti ya 12: gusa uzi juu yake bila kubonyeza, upige, kisha bonyeza upige tena. Noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ya kugusa, kikalio cha uzi huo (kipande unapolalia) kwenye daraja kirudishwe nyuma, mbali na shingo, kwa bisibisi, kidogo kidogo, huku ukituni upya kila mara.

Na mpiga kinanda akijaza besi kwa mkono wa kushoto, mwambieni mwanafunzi apige noti ya msingi tu, au mpiga kinanda ahamie noti za juu.