Corolla 110 (5A) inavuja oili kwenye maungio ya giaboksi, gasketi imeshabadilishwa mara mbili

Kipanga_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Corolla 110, injini 5A-FE, giaboksi ya otomatiki. Inadondosha oili pale injini inapoungana na giaboksi. Asubuhi nakuta doa kubwa kama sahani, na ikipanda barabara ya Chunya inanuka oili inayoungua. Gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) imebadilishwa mara mbili, ya pili ikazungushiwa silikoni kote. Sasa fundi anasema ni sili ya nyuma ya krenki (raba inayozuia oili pale krenki inapotokea upande wa giaboksi), giaboksi ishuke. Kuna cha kuangalia kabla sijalipa?

Spana12
Usishushe kitu bado. Kwenye 5A distributa (inayogawa umeme wa plagi) imekaa mwisho wa kamshafti (shafti inayofungua valvu), upande uleule wa giaboksi. O-ringi yake (raba ya duara ya kuzuia oili) ikikakamaa, oili inateremka nyuma ya silinda hedi, inapita juu ya giaboksi na kudondoka palepale ambapo sili ya krenki ingedondoshea. Ukiwa umelala chini ya gari huwezi kuzitofautisha, ndiyo maana giaboksi nyingi zinashushwa bure.

Osha eneo lote kwa brashi na dizeli, kisha maji ya sabuni, distributa na altaneta ukizifunika na nailoni. Pakikauka, nyunyiza poda ya mtoto chini ya distributa, ukingoni mwa tapeti kava na kwenye maungio. Endesha kama kilomita 10, rudi na tochi na kioo kidogo. Fuata unyevu kwenda juu: pale poda ilipolowa juu kuliko kwingine ndipo panapovuja. Juu kukiwa kukavu kabisa na chini kumelowa, hapo fundi wako ana haki. Pangusa na kitambaa cheupe pia. Oili ikiwa nyekundu, hiyo ni ya giaboksi, si ya injini.

Mzee wa Gereji
Naongezea kwa Spana12. Kubadilisha hiyo O-ringi ni kazi ya saa moja. Chomoa waya wa hasi wa betri, chora alama kwa msumari kwenye distributa na kwenye hedi ili irudi ilipokuwa, fungua bolti zake (spana 12), ivute taratibu, na injini isizungushwe ikiwa nje. O-ringi ya zamani utaikuta ya kahawia, ngumu kama plastiki. Mpya ipake oili tu, SIYO silikoni. Nenda na ya zamani dukani Mwanjelwa hapa Mbeya, linganisha unene, maana inayofanana kwa macho tu itavuja tena. Baadaye taimingi ipimwe kwa taa: TE1 na E1 (matundu mawili ya kwenye soketi ya uchunguzi) zikiwa zimeungwa kwa waya, isome digrii 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa).

Fungua na kofia ya distributa. Ukikuta oili ndani, sili ya shafti yake imekufa na O-ringi peke yake haitakusaidia.

Hiyo silikoni ya kuzungusha kote itolewe. Inayobanwa kuingia ndani inakatika vipande na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Inatakiwa tone dogo tu kwenye kona, pale kepu ya kamshafti inapokutana na hedi, na kwenye raba ya nusu mwezi. Nati za kava zinabanwa kidogo sana, karibu Nm 6. Raba zilizo chini ya nati nazo zibadilishwe, watu wanazisahau.

Kipanga_Uyole
Asanteni. Poda imelowa chini ya distributa, na kidogo kwenye kava tena. Injini ikiwa inawaka nikifungua kifuniko cha oili inapuliza moshi. Ndani ya kifuniko kuna uji mweupe.

Spana12
Basi gasketi hazikuwa na kosa. Presha ya ndani haina pa kutokea, inatafuta sili. Chomoa valvu ya PCV (inayotoa mvuke na presha ndani ya injini) juu ya kava, itikise: isipolia imeganda. Ipulize kwa mdomo. Kutoka upande wa kava hewa ipite kwa urahisi, kutoka upande wa manifoldi ipite kwa shida. Safisha na petroli au weka mpya, na mpira wake uzibuliwe. Uji huo kwa baridi ya Juni na Julai ni kawaida kwa gari la safari fupi, mvuke haupati joto la kuutoa, ila ndio huohuo unaoziba PCV. Kama maji ya rejeta hayapungui, usiogope hedi gasketi.

Mzee wa Gereji
PCV ikiwa nzima na bado inapuliza, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), injini ya moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho. Usitishwe na namba ya kitabu. Mbeya tuko kama mita 1,700, hewa nyepesi. Injini inayosoma psi 180 Dar itasoma karibu 150 hapa. Linganisha silinda na silinda, tofauti isizidi psi 14. Iliyo chini sana tia kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu.