Mtihani wa kusikiliza: nitatofautishaje mitindo ya muziki wa Marekani?

SautiYaTatu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Natokea Tanga, sasa niko mwaka wa kwanza kwenye chuo kimoja huku Ohio. Muhula huu nimechukua somo la historia ya muziki wa Marekani na mitindo yake. Majina na miaka naikariri bila tabu. Kinachonitoa jasho ni mtihani wa kusikiliza: mwalimu anapiga kipande kifupi, kama nusu dakika, halafu unaandika ni mtindo gani, wa miaka ipi, na umejuaje.

Wenzangu wamekua na nyimbo hizi, kwenye gari la babu, kanisani, kwenye matangazo. Mimi nimekua na kwaya na taarabu. Ragtaimu na jazi ya mwanzo kwangu ni kitu kimoja. Bluzi na kantri ya zamani, kote nasikia mtu na gitaa lake analalamika. Soul ya Detroit na ya Memphis ndiyo siambulii kabisa. Sikio ninalo, naimba sauti ya tatu na solfa nasoma vizuri. Nianzie wapi?

Juma_Ukonga

Dada, chora jedwali. Miongo kushoto, mitindo juu, kila chumba wimbo mmoja. 1900 ragtaimu, 1920 bluzi na jazi, 1930 swingi, 1950 roki, 1960 soul, 1970 fanki na hip hop. Kariri, ingia chumba cha mtihani. Mimi historia ya sanaa nilifaulu hivyo hivyo.

MpigaBesi_Bomet

Marahaba, binti. Nimepiga besi kwenye bendi za hoteli Mombasa miaka mingi, na santuri za Marekani nimezikusanya tangu ujana, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Juma anakutakia mema, lakini jedwali hilo litakuangusha, kwa sababu vyumba vyake vingi havikujengwa na wanamuziki. Vilijengwa na kampuni za santuri. Agosti 1920 Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" kwa kampuni ya Okeh, santuri ikauzika kwa wingi mno, na kampuni zikatambua kwamba Wamarekani weusi wana hela ya kununua muziki wao wenyewe. Baada ya hapo zikagawa katalogi: orodha moja ya santuri za weusi, nyingine ya wazungu wa mashambani. Wapigaji wenyewe walikuwa wanasikilizana miaka yote, hata katika nchi iliyowatenga kwenye mabehewa na makanisani. Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi, ndiye aliyezunguka vijijini na A. P. Carter wa Carter Family, kundi la kantri la wazungu, kukusanya nyimbo. DeFord Bailey, mweusi, alipuliza hamonika kwenye Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri kule Nashville, tangu miaka ya mwanzo ya kipindi hicho. Na banjo, ambayo leo watu wanaiona ala ya mzungu wa milimani, mizizi yake iko Afrika Magharibi. Kitabu chako kikisema kantri ni ya hawa na bluzi ni ya wale, hapo unasoma katalogi ya duka.

Nakupa mtu mmoja wa kumfuata: Jimmie Rodgers, mzungu wa Meridian, Mississippi, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Alirekodi mara ya kwanza Agosti 1927 mjini Bristol, mbele ya Ralph Peer, mrekodi wa kampuni ya Victor, wiki ile ile ya Carter Family. Wanamwita baba wa kantri. Sasa chukua solfa yako usikilize "Blue Yodel" zake. Hesabu moja-mbili-tatu-nne mara kumi na mbili. Nne za kwanza anakaa kwenye do. Mbili anapanda fa, mbili anarudi do. Moja so, moja fa, mbili za mwisho do. Hiyo ni bluzi ya kumi na mbili, kamili. Maneno nayo yanakwenda kibluzi: mstari, mstari ule ule tena, kisha jibu. Na Julai 1930 Rodgers alirekodi "Blue Yodel" namba 9 akiwa na Louis Armstrong kwenye tarumbeta na Lil Hardin kwenye piano. Utaiweka chumba gani, Juma?

Huyu Rodgers nina sababu yangu ya kumpenda. Santuri zake zilifika kwetu Ukipsigis, magharibi mwa Kenya, enzi za ukoloni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita na mashine yake ya kurekodi, alikuta wasichana wanaimba kwa kinubi chetu wimbo wa "Chemirocha". Ni Jimmie Rodgers huyo, jina limeingia midomoni mwa wasichana wa Kipsigis, na kwenye wimbo amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Utafute. Bibi zangu waliimba hivyo, nami nilipofika kwenye santuri zenyewe nilijiona nimefika kwa jamaa.

Kutofautisha sasa. Kwenye bluzi ya Mississippi, sikiliza mi na te. Mwimbaji haziimbi safi, anazivuta chini, hazifiki ma wala ta, zinabaki katikati, ndipo penye uchungu wa bluzi. Na gitaa halisindikizi tu, linajibu: mwimbaji akinyamaza mwisho wa mstari, gitaa linamaliza sentensi. Kantri ya zamani sauti hupitia puani, lafudhi ni ya kusini, fidla ipo karibu, na hadithi inakwenda mbele ubeti kwa ubeti bila kurudiarudia mstari. Ukisikia banjo inamwagika kwa kasi, vidole vitatu, na mandolini inakata katikati ya mapigo, hiyo ni blugrasi. Andika baada ya 1945, mwaka ambao Earl Scruggs, mpiga banjo hiyo, alijiunga na bendi ya Bill Monroe wa mandolini.

MamaRehema_Memphis

Mwanangu, habari za huko kwenye baridi. Mimi niko Memphis, kazi yangu hospitali, na Jumapili naimba kwenye kanisa la Wabaptisti weusi mtaani kwetu. Nikusaidie hapo kwenye nyimbo za dini, maana kaka wa Bomet amezipita, na mtihani lazima utazileta.

Kuna spiritual na kuna gospel, usizichanganye. Spiritual zilitoka kwa watumwa, lakini unazozisikia kwenye rekodi za kale zimepangwa kikwaya. Mwaka 1871 wanafunzi wa Fisk, chuo cha weusi huko Nashville, wengi wao waliozaliwa utumwani, walianza ziara ya kuimba ili kukinusuru chuo chao kilichokuwa hoi kwa madeni. 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria. Fedha zile zilijenga Jubilee Hall, jengo ambalo bado limesimama. Mwaka 1909 waimbaji wanne wa Fisk walirekodi kwa kampuni ya Victor: hakuna ala hata moja, sauti nne zimeshikana, matamshi safi. Wewe mwana kwaya utazitambua mara moja.

Gospel ni ya mjini, ni ya Chicago ya miaka ya 1930. Baba yake ni Thomas Dorsey, ambaye kabla ya hapo alikuwa mpiga piano wa Ma Rainey, mwimbaji wa bluzi. Mwaka 1932 mkewe alifariki akijifungua, na mtoto akafariki pia. Kutoka kwenye msiba huo ndipo ukatoka "Precious Lord". Mimi siwezi kuusikia nikabaki nimekaa. Kwenye gospel utasikia piano inayobembea kama ya bluzi, baadaye kinanda cha Hammond, makofi kwenye pigo la pili na la nne, na kiongozi anayeiacha tuni na kupaa huku kwaya inamwitikia.

Ukilijua hilo, soul ni hatua moja. Ray Charles mwaka 1954 alichukua mwendo wa wimbo wa gospel, akaweka mwanamke mahali pa Yesu. Waumini wengi walichukia.

Na Memphis yangu: Stax, kampuni ya santuri za soul, walirekodia ndani ya jumba la zamani la sinema, sakafu ikiwa bado imeinama kama ilivyokuwa ya watazamaji. Sauti yake ni chache na nzito. Gitaa linakwaruza, tarumbeta na saksafoni zinapiga sentensi fupi mahali ambapo kwingine ungesikia waitikiaji. Bendi ya nyumba, Booker T. & the M.G.'s, ilikuwa ya weusi na wazungu pamoja, katika mji ambao mwaka 1962, "Green Onions" ilipotoka, watu hao wasingeweza kula meza moja hotelini. Hilo nawaambia wanangu kila tukipita pale McLemore Avenue.

MpigaBesi_Bomet

Mama Rehema, asante sana. Niongeze upande wa Detroit kwa sababu ya besi. Motown, kampuni ya soul ya huko, ilianza 1959, nyumba ya kawaida ya kuishi kwenye West Grand Boulevard, gereji ikageuzwa studio. Sikiliza tari linalolia mwanzo hadi mwisho, vayolini nyuma, wasichana wanaitikia, yote yamesafishwa. Chini yake yumo mpiga besi James Jamerson, aliyekuwa akivuta nyuzi kwa kidole kimoja tu cha shahada. Besi yake haikai kwenye mzizi wa kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja), inazungumza, inaruka, inaingia kabla ya pigo. Nimeijifunza maisha yangu yote. Ukisikia besi ina wimbo wake wenyewe chini ya wimbo, andika Detroit bila woga.

SautiYaTatu

Mungu awabariki. Nimewatafuta wale wa Fisk wa 1909, na kweli, teno ya kwanza naweza kuiimba nao. Ila ragtaimu na jazi bado. Jana mwalimu alipiga piano peke yake nikaandika jazi, kumbe Scott Joplin.

MpigaBesi_Bomet

Ragtaimu imeandikwa kwenye karatasi, nota kwa nota. "Maple Leaf Rag" ya huyo Joplin, ya 1899, iliuzwa kama kitabu cha nota, watu wakaipiga majumbani kwao. Mkono wa kushoto unatembea sawasawa, besi-kodi, besi-kodi, na wa kulia unagonga nje ya mapigo. Sehemu ya kwanza inarudiwa, ya pili inarudiwa, bila kubadilika.

Jazi ya New Orleans ni watu kadhaa wanaobuni kwa pamoja: koneti imeshika tuni, klarineti inazunguka juu yake, tromboni inateleza chini. Msikilize mpiga koneti King Oliver na bendi yake, 1923, na Armstrong kijana kwenye koneti ya pili.

Na kwa upande wa mwaka, usisikilize muziki peke yake, sikiliza mashine. Kabla ya 1925 walikuwa wanaimbia kwenye honi kubwa, hakuna umeme. Ngoma kubwa ingerusha sindano, ndiyo maana mpiga ngoma wa Oliver unamsikia akigonga vibao vya mbao. Kama besi haisikiki, ngoma hakuna, na sauti imebanwa, uko kabla ya 1925. Kuanzia hapo kipaza sauti kinaingia na chumba kinafunguka. Rekodi hizo za kale zipo bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, National Jukebox. Zote zilizotoka kabla ya 1923 zilitoka kwenye hakimiliki tarehe 1 Januari 2022, kwa hiyo pakua upendavyo.

Juma_Ukonga

Nimekubali, mzee. Lakini hip hop je? Hiyo angalau ina tarehe na anwani.

MpigaBesi_Bomet

Inayo. Tarehe 11 Agosti 1973, 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, sherehe ya dada yake DJ Kool Herc. Lakini angalia alichokifanya Herc: santuri mbili za wimbo mmoja, akirudisha pale ngoma zinapobaki peke yake ili wachezaji wasipoe. Na ngoma zenyewe zilikuwa za bendi za fanki, za James Brown na wenzake. Hata "Rapper's Delight" ya 1979, chini yake kuna bendi hai inapiga mwendo wa "Good Times" ya Chic, wimbo wa disko wa mwaka huo huo. Kwa mtihani, binti: kama mpiga ngoma anabadilikabadilika kidogo kila mzunguko, ni bendi. Kama kila mzunguko ni ule ule, hadi mkwaruzo wa santuri, imekatwa kwa mashine, na hapo andika katikati ya miaka ya 1980 kuja mbele.