Galoni ni lita ngapi hasa? Gari la Uingereza, jenereta ya Marekani, mbolea ya majani

kasarani_b
Wadau, naomba mnisaidie hesabu. Gari limetoka Uingereza, dashibodi inaonyesha 38 mpg (maili kwa galoni). Jenereta ya petroli ina kibandiko cha Marekani: 0.45 gal/h (galoni kwa saa) ikibeba nusu mzigo. Halafu kuna mbolea ya kunyunyizia majani, ya maji, chupa nayo ya Marekani: vijiko 2 vikubwa kwa galoni. Pampu ya mgongoni ni lita 20. Nikitafuta naona 3.785, kwingine 4.546, na fundi wa rangi akisema galoni anamaanisha kopo la lita 4. Nifuate ipi? Nataka gharama ya Nakuru kwenda na kurudi, gharama ya jenereta kwa saa, na mililita za kutia kwenye pampu.

spana14
Zote mbili ni sahihi, ila kila moja ina kwao. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani 3.785. Angalia kifaa kilitengenezewa soko gani. Ile ya fundi wa rangi ni jina la kopo tu, usiiingize kwenye hesabu.

Gari: mpg ya Uingereza zidisha kwa 0.354 upate kilomita kwa lita. 38 × 0.354 = 13.45. Nairobi hadi Nakuru ni kama km 160, kwenda na kurudi 320. 320 ÷ 13.45 = lita 23.8. Tuseme lita ni sh 180 (weka bei ya mwezi huu ya EPRA, wanaopanga bei za mafuta Kenya; hubadilika tarehe 15): sh 4,280 hivi. Ungetumia galoni ya Marekani (kizidishi 0.425) ungepata lita 19.8, sh 3,570. Hapo ungepungukiwa na zaidi ya mia saba kabla hujafika nyumbani.

Sasa, hiyo 38 usiiamini sana. Kompyuta ya gari hukadiria, na mara nyingi hujipendelea. Pima kwa tangi: jaza mpaka bomba likate lenyewe, rudisha kihesabu safari kwenye sifuri, endesha angalau nusu tangi, jaza tena kituo kilekile mpaka likate. Lita za mara ya pili ndizo ulizotumia. Na hapa ndipo wenye magari ya Uingereza huanguka: kihesabu kinasoma MAILI. Ukisoma 200 ukadhani ni kilomita, utasema gari linakunywa na kuanza kubadilisha plagi bure, kumbe umetembea km 322. Zidisha kwa 1.609 kwanza, kisha gawa kwa lita ulizotumia.

Pia ingia kwenye menyu ya dashibodi. Nyingi huruhusu kubadili kuwa km/L au L/100km, na nyingine zina mpg aina mbili, UK na US. Hakikisha aliyekuwa nalo hakuchagua US.

Jenereta ni rahisi: 0.45 × 3.785 = lita 1.7 kwa saa, kama sh 306. Ukiipa mzigo kamili haitakunywa mara mbili, kwa sababu sehemu ya mafuta huliwa na injini kujizungusha tu, hata bila mzigo. Ndiyo maana kuiwasha kwa balbu mbili na chaja ya simu ni hasara.

shamba_ruai
Upande wa mbolea. Kijiko kikubwa cha Marekani ni ml 14.8, viwili ml 29.6. Gawa kwa 3.785: ml 7.8 kwa lita. Pampu ya lita 20 ni ml 156, ya lita 16 ni ml 125. Pima kwa sirinji ya ml 20: saba kamili, kisha ml 16. Kijiko cha jikoni weka kando, kila nyumba ina saizi yake.

Tia maji nusu pampu, kisha mbolea, tikisa, ongeza maji mpaka alama ya 20. Ukizidisha, kingo za majani huungua, hasa ukinyunyiza jua la saa sita.

Hesabu hii ni ya mbolea ya maji. Ya unga usibadilishe kijiko kuwa gramu kwa kukisia, tumia mizani. Na kwa viuatilifu usitafsiri lebo ya Marekani kabisa: nunua chenye namba ya usajili ya PCPB (bodi ya viuatilifu Kenya), kipimo chake mara nyingi kimeandikwa kwa lita 20 tayari.

kasarani_b
Asanteni sana. Nyongeza: dawa ya minyoo ya mbuzi imeandikwa 1 ml kwa lb 25. Mbuzi ana kilo 34.

shamba_ruai
lb ni ratili, kilo 0.454. Kilo 34 ni ratili 75, kwa hiyo ml 3. Ukigawa 34 kwa 25 moja kwa moja unapata ml 1.4, chini ya nusu ya dozi. Minyoo dhaifu hufa, sugu hubaki kuzaana, na baada ya muda dawa hiyo haifanyi kazi tena bomani kwako. Mpime kwa mizani, si kwa macho, na hakikisha lebo inataja mbuzi: dozi ya kondoo na ya mbuzi mara nyingi hutofautiana. Kama haitaji, muulize daktari wa mifugo.

spana14
Nimesahau: tangi la jenereta likiandikwa galoni 4, hiyo ni lita 15. Usimimine mtungi wa 20 wote, utamwagika juu ya ekzosi ya moto. Na izime kwanza, ipoe.