Ukoo wa Muheza: Rehema anatafuta gari

*Ijumaa usiku*

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. IST nimeliuza jana. Nikijumlisha na akiba nina milioni 22. Nataka haibridi yenye buti, na macho yangu yapo kwa Toyota Axio. Mwenye neno aseme leo, asije akasema nikishalipa.

Mama: Marahaba mwanangu. Buti kwanza. Safari ile ya kliniki baba yako alifika Dar amepakata mkungu wa ndizi.

Baba Mdogo: Mimi sikubali. Gari la betri ni kama redio. Betri ikiisha unabaki na kasha.

Sele: Shikamoo baba mdogo. Si la betri tupu. Injini ya petroli ipo, cc 1500, na mota ya umeme ipo. Kwenye foleni injini inajizima, mota inavuta. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta, umeme unarudi kwenye betri. Hulichomeki popote.

Baba Mdogo: Marahaba. Na betri ikifa?

Sele: Inakufa, sikatai. Wiki iliyopita nimefunga moja iliyotumika Japani, mteja kanitolea milioni 2.4 na ufundi humo humo. Ndiyo maana tunapima kabla ya kulipa. Ila hesabu na upande wa pili: halina starta, halina altaneta, na breki padi zinakaa mno kwa sababu mota ndiyo inabeba kazi kubwa ya kupunguza mwendo.

Shangazi Zaina: Mafuta je? Hayo mengine mtamalizana wenyewe.

Sele: Shikamoo shangazi. Japani waliandika zaidi ya km 30 kwa lita. Hizo za maabara, msizibebe. Wateja wangu wanaoshinda foleni ya Kimara na Tabata wanapata 18 mpaka 20. Akija Muheza, ile Chalinze mpaka Segera, nafuu inapungua, injini inafanya kazi muda wote.

Rehema: IST Tabata hadi Posta lilikuwa linanipa 9. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei ya mafuta, tumbo linaniuma.

Mwanaisha Mombasa: Si uchukue Camry haibridi dada, ukae kama bosi?

Sele: Camry ni cc 2500. Ukivuka cc 2000, ushuru wa bidhaa unatoka asilimia 5 unakwenda 10. Na gari likizidi miaka 10 tangu litengenezwe, linaongezwa asilimia 30 ya uchakavu. Ndiyo maana mtu anaona bei ya Japani anacheka, akifika TRA anaomba maji.

Mwanaisha Mombasa: Afadhali nyinyi mwaongezewa ushuru. Huku likipita miaka 8 haliingii kabisa.

Baba: Rehema, usiende peke yako.

Rehema: Shikamoo baba. Naenda na Sele kesho saa 3, kuna yadi ya magari ina Axio.

Sele: Mimi nitachelewa, nina gari la mtu juu ya jeki. Dada, mpigie mwenye yadi umwambie asiliwashe kabla hujafika. Injini iwe ya baridi.

*Jumamosi asubuhi*

Rehema: Nimefika. Nimegusa boneti. Ya moto kama kikaango.

Sele: Tumeanza vizuri 😂 Ameshalichemsha. Kilometa ngapi?

Rehema: 71,000. La mwaka 2015, jeupe, linang'aa mpaka najiona. Anataka milioni 23.8, "maongezi yapo".

Baba Mdogo: Usioneshe umelipenda. Kunja uso.

Rehema: Baba mdogo nimekunja mpaka muuzaji kaniuliza kama naumwa.

Sele: Fungua mlango wa dereva. Ubavuni mwa mlango au kwenye nguzo, tafuta stika ndogo ya Kijapani. Wajapani wakibadilisha oili wanabandika hapo. Piga picha.

Rehema: 📷 Ipo. Imepauka lakini inasomeka. Kuna 31, 2, 9 halafu 88,340. Chini yake 93,340.

Sele: Ngoja. Hiyo 31 ni mwaka wa mfalme wao, Heisei 31. Ni 2019. Tarehe 9 mwezi wa 2, 2019 oili imebadilishwa kilometa zikiwa 88,340. Inayofuata 93,340.

Shangazi Zaina: Na sasa lina 71,000?

Sele: Ndiyo shangazi. Limetoka Japani linarudi kinyumenyume.

Mama: Astaghfirullah.

Rehema: Nimemuonesha. Anasema hiyo stika ni ya gari jingine, ilibandikwa kimakosa.

Baba Mdogo: Mlango nao ni wa gari jingine?

Rehema: Nimeomba cheti cha kusafirishia kutoka Japani, kile chenye kilometa. Kasema kipo kwa wakala bandarini. Nimeomba karatasi ya mnada lilikonunuliwa Japani. Kasema bosi kasafiri nayo.

Mwanaisha Mombasa: Bosi asafiri na karatasi ya gari jeupe 😂

Rehema: Nimeaga. Kanifuata mpaka getini. Tukiwa ndani alishuka mpaka 23. Getini 22.2. Nikiwa kwenye bajaji kapiga simu, 21.

Mama: Milioni 21 si ipo ndani ya hela yako?

Rehema: Ipo mama. Ndiyo inayonisumbua.

Sele: Mimi kilometa 130,000 hazinitishi, gari la mwaka 2015 kutembea ni haki yake. Kinachonitisha ni mtu aliyezirudisha. Kama kafuta hizo, hata taa ya betri aliweza kuifuta asubuhi kabla hujafika. Ikiwaka tena ni wiki ijayo, mkataba umeshasaini.

Baba: Achana nalo.

Baba Mdogo: Kaka kasema. Lakini 21 jamani…

*Jumatano jioni*

Rehema: Nimepata jingine. Mwalimu mstaafu Kimara, namba D, Axio haibridi la 2014. Aliagiza mwenyewe, kadi ina jina lake. Kilometa 148,000 na hajaficha. Ana daftari! Kila oili, kila tairi, tarehe na bei, mwandiko wa ubaoni. Anataka milioni 19.5.

Baba Mdogo: Namba D milioni 19.5? Watu wanataka namba E sasa hivi, zile mpya.

Rehema: Namba haivuti gari baba mdogo.

Sele: Nipo naye hapa. Boneti ya baridi. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, taa ya READY inawaka, kimya, baada ya sekunde kadhaa injini inaamka yenyewe. Nimechomeka kidude changu chini ya usukani, naisoma betri kwenye simu. Vipande vyake vipo pea 10, zote zinapanda na kushuka pamoja hata nikikanyaga mlima wa Kimara. Kungekuwa na moja inayoporomoka peke yake ningewaambia.

Shangazi Zaina: Na kwa sisi tusio na kidude?

Sele: Angalia mchoro wa betri kwenye dashibodi shangazi. Ukiona vijiti vinajaa ghafla na kuisha ghafla ndani ya dakika chache, betri imechoka. Hivi vinatembea taratibu.

Baba: Betri inakaa wapi?

Sele: Chini ya kiti cha nyuma, baba. Kwa hiyo buti halikuguswa. Waya zake zina rangi ya chungwa, ni volti 144, mtu asizishike.

Baba: Rangi ya chungwa. Basi litapokewa vizuri Muheza.

Sele: 😂 Ila kuna kitu nimekuta. Pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye wavu, feni inavuta hewa hapo kupoza betri. 📷

Mama: Hilo ni blanketi?

Sele: Vumbi mama, na manyoya ya paka. Mwalimu ana paka. Nimevuta chujio limetoka zima kama mkeka. Betri za hivi nyingi zinauawa na joto, watu wanaziba hapo kwa mizigo na khanga za mtoto. Hili tumeliwahi.

Baba Mdogo: Hapo pa kupunguziwa bei!

Rehema: Nakuja huko. Tairi mbili za mbele nimesoma ubavuni, 3518. Wiki ya 35, mwaka 2018. Zina kashata lakini mpira umekakamaa, una mipasuko. Nimeingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za barabarani, anadaiwa 60,000. Mwendo kasi mara mbili.

Mwanaisha Mombasa: Mwalimu mstaafu!

Rehema: Kaona aibu, anasema alikuwa anawahi msiba.

Baba Mdogo: Umetaja ngapi?

Rehema: Sijataja. Nilimwomba kwanza anipitishe kwenye daftari. Tumefungua ukurasa kwa ukurasa, mwenyewe ndiye aliyesoma "tairi za mbele, 2018" akanyamaza. Kisha nikasema 17.

Mama: Umemkosea heshima mtu mzima.

Rehema: Mama, alicheka. Akasema "binti, kwa 17 nitakupa na paka". Akashuka 19. Nikasema tairi mbili mpya na huduma ya ile feni ni hela yangu ya kesho asubuhi, nikapanda 17.8. Akaingia ndani kuongea na mkewe. Walikaa kama robo saa, sisi tunakunywa chai.

Sele: Dalali aliyetuleta alikuwa ananinong'oneza tuseme 18.7, cha juu agawane na sijui nani. Nimemwambia aende akasimame nje.

Rehema: Mkewe ndiye aliyetoka. Kasema 18.2, faini wanalipa wao leo leo, kubadilisha jina TRA nusu kwa nusu. Na daftari linakuja na gari.

Baba Mdogo: Ungesema 18 kamili.

Rehema: Nilisema. Akaniangalia tu. Tukakubaliana 18.2 🙏 Kesho tunakutana benki, hela inaingia akaunti yenye jina lile lile la kwenye kadi. Wakili wa mkataba yupo jirani na hapo. Itakayobaki ni ya tairi na bima kubwa.

Shangazi Zaina: Hongera mwanangu. Yule wa yadi hajapiga?

Rehema: Kapiga mchana. Amefika 20. Anasema stika ameshaitoa.

Mama: 😂😂😂

Baba: Rehema.

Rehema: Naam baba.

Baba: Ukija Idi, ndizi zote ziende kwenye buti. Kiti cha nyuma asiweke mtu kitu pale pembeni. Hata mama yako na khanga zake.