Mrejesho: Jedwali la korosho na asilimia zilizonichanganya

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini jedwali la zoezi langu la takwimu, linalohusu mashamba 80 ya korosho huku Newala, lilinipa asilimia zinazopingana. Sasa nimeelewa, na ninawashukuru kwa dhati.

Kati ya mashamba 60 yaliyopuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), 36 yalitoa korosho za daraja la kwanza. Kati ya 20 yasiyopuliziwa, ni 8. Nilikuwa nagawanya 36 kwa 44, yaani jumla ya safu wima (mashamba yote ya daraja la kwanza, 36 na 8), nikapata asilimia 82 na kudai kwamba salfa hufanikiwa kwa kiwango hicho, kumbe robo tatu ya mashamba yote yalipuliziwa tangu mwanzo. Swali langu lilihitaji jumla ya mstari, yaani mashamba yote ya kila kundi: 36 kwa 60 ni asilimia 60, na 8 kwa 20 ni asilimia 40. Baba, ambaye hajasoma takwimu, alitazama daftari akauliza, “Mbona wasiopuliza huwahesabu?”

Jaribio la kai-mraba, linalopima kama tofauti inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu, limetoa takribani 2.42, chini ya 3.84 inayotakiwa kwa kiwango cha asilimia 5, kwa hiyo tofauti hiyo sikuiandika kuwa uthibitisho.