Hippos na Cubs: Mauritania 2021 iandikwe vipi kwenye rekodi?

Mpiga Chapa, Jinja: Wadau, tunaandaa jedwali la timu zetu za vijana kwa ajili ya akademia. Hippos (timu ya Uganda ya vijana chini ya miaka 20, yaani U-20) walicheza fainali ya AFCON U-20, Kombe la Afrika la umri huo, mwaka 2021 huko Mauritania. Niandike kwamba walifuzu Kombe la Dunia? Wengine wanasema nusu fainali pekee ilitosha.

Namba Sita: Usiandike hivyo, ndugu. FIFA ilifuta Kombe la Dunia la U-20 la Indonesia mwezi Desemba 2020 kwa sababu ya korona, na Mauritania mpira ukaanza Februari 2021. Hakukuwa na tiketi ya kugombea. Andika "washindi wa pili", basi. Na hilo si dogo: ilikuwa mara yetu ya kwanza kwenye fainali hizo. Burkina Faso tuliitoa kwa matuta, Tunisia tukaipiga 4-1 nusu fainali, Derrick Kakooza akifunga matatu peke yake, kisha Ghana ikatufunga 2-0. Kakooza alimaliza mfungaji bora kwa mabao 5.

Mechi ya Burkina Faso iweke kwenye safu ya sare. Matuta huamua nani anasonga mbele, hayahesabiwi ushindi. Hapo ndipo majedwali mengi yanapoharibika, jumla zinakataa kulingana.

Winga wa Mbale: Kwa U-20 ongeza Misri 2023: robo fainali, Nigeria ikatufunga 1-0. Bao hilo moja ndilo lililotunyima Kombe la Dunia, maana waliofuzu ni wanne wa nusu fainali.

Cubs (timu yetu ya chini ya miaka 17, U-17) ndio wa kwanza kufika Kombe la Dunia. Kwenye AFCON U-17 ya Moroko 2025 walianza kwa kuchapwa 5-0 na wenyeji, wakaifunga Tanzania 3-0 (matokeo yale yale ya 2019, majirani mtuvumilie!), wakamaliza wa tatu kundini. Afrika ilikuwa na nafasi 10 za Kombe la Dunia: nane za wawili wa juu wa kila kundi, mbili za mchujo wa walioshika nafasi ya tatu. Tukaifunga Gambia 1-0. Kwenye Kombe la Dunia huko Qatar tuliifunga Ufaransa 1-0, tukaitoa Senegal, halafu Burkina Faso ikatulipizia kisasi cha 2021 kwa kututoa kwa matuta.

Mpiga Chapa, Jinja: Asanteni sana, ssebo. Na AFCON U-17 ya 2021?

Namba Sita: Ilifutwa kabla ya kuchezwa. Andika "tulifuzu, ikafutwa", mechi sifuri.

Halafu weka safu ya tarehe ya kuzaliwa, akademia itaihitaji kuliko mabao. Qatar 2025 walicheza waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2008. Kombe la U-17 sasa ni la kila mwaka, na 2026 linataka 2009 kwenda mbele, kwa hiyo kikosi kile hakirudi kama kilivyo. Ila wa 2008 wana nafasi U-20 ya 2027, ambayo inaruhusu waliozaliwa kuanzia 2007. Kwa U-17 kuna pia kipimo cha umri kwa MRI (picha ya ndani ya mwili) ya kifundo cha mkono: mfupa ukishaungana kabisa, mchezaji anaondolewa hata kama pasipoti yake ni safi. Mchezaji wa aina hiyo ajulikane mapema, si siku ya kusafiri.